Kushona Kuanzia Mguuni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa tatu asubuhi bila upepo wala ngurumo, kama mgeni aliyealikwa zamani akachelewa. Nimeweka ndoo mahali pake chini ya tundu la paa, kisha nikafungua daftari hili nililolishona mwaka jana kwa vipande vya karatasi vilivyobaki kazini. Nilikusudia kuandika mambo ya gundi tu. Mvua ikinyesha gundi hukawia kukauka, na fundi wa kujalidi vitabu hana budi kujua ni siku ngapi. Lakini leo mjukuu wangu ameniletea jambo jingine.

Ameingia na karatasi, akaiweka mezani, juu kabisa ya kitabu cha mwalimu mmoja ambacho gundi yake ilikuwa mbichi.

“Shikamoo, kijana.”

Yeye ana miaka ishirini na mitatu, mimi sabini na minne. Kijana ndiye mimi.

“Marahaba, bibi kizee. Ondoa karatasi yako.”

“Soma kwanza.”

Ni tangazo. Mafuriko ya mwaka jana yaliingia katika chumba cha madaftari ya vizazi na vifo cha mji fulani ng'ambo ya mpaka, na ofisi ya huko inatafuta mafundi wa kutengeneza vitabu vilivyolowa. Kazi ya miezi tisa. Wageni wanaruhusiwa kuomba, wakipata kibali cha kazi cha muda. Asiyekuwa na kibali mkononi ifikapo mwisho wa Mei, nafasi yake atapewa mwingine.

Mji ule ni mji wangu. Nilitoka huko miaka arobaini na sita iliyopita, kwa miguu, mke wangu akiwa na mimba ya mama yake huyu binti. Sijarudi. Mwenye kadi ya ukimbizi kama yangu akikanyaga kule, huku hapokelewi tena.

“Babu, nimefundishwa na wewe miaka sita. Hapa kuna kazi gani? Kubandika majalada ya madaftari ya shule.”

“Hiyo nayo ni kazi.”

“Ni kazi. Lakini naitaka ile.”

Nikamwambia tangazo lake limeshika gundi, na ilikuwa kweli. Tumelibandua pamoja, polepole, yeye pembe hii, mimi pembe ile.

Jumatano, 5 Machi

Tumejaza fomu, kurasa nane. Mimi nasoma, binti anaandika, Redio anatoa maoni. Redio ni mjane wa chumba cha pili. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimwi. Alitoka kule mwaka mmoja na mimi, na hakuna habari ya mtu yeyote wa kule asiyoijua.

Swali la kumi na nne: Taja wazazi wako, au wazazi wa wazazi wako, walio hai, waliozaliwa nchini.

Kalamu ya binti ikasimama. “Hapa ni wewe, Babu.”

Redio akatua kikombe. “Ukimwandika, faili lako haliendi dirishani. Linakwenda Kamati ya Waliotoka. Faili la mtoto wa dada yangu liko kwa hiyo Kamati mwaka wa sita. Alipoomba alikuwa na nywele.”

“Lakini itakuwa uongo.”

“Uongo ni kumwambia mtu kapendeza. Hii ni fomu.”

Nikapima. Bibi yake amezikwa huku. Mama yake amezaliwa huku. Jina lake mwenyewe ni la ukoo wa baba yake. Katika kurasa zote nane, kitu pekee kinachomfunga na kule ni mimi.

“Andika Hakuna,” nikasema.

Akaandika. Ana mwandiko mzuri, nilimfundisha mwenyewe. Sikujua kwamba neno kama lile linaweza kupendeza namna ile.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Gundi siku mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Mama yake amejua. Ni mpishi wa shule. Hurudi saa kumi, na leo alirudi saa nane na aproni mwilini.

“Baba, tangu nizaliwe unaniambia kule hakuendeki. Nililala na hadithi hizo badala ya nyimbo. Leo mwanangu anakwenda, na wewe ndiye unayemchongea penseli!”

“Anakwenda kama mgeni. Mgeni hana la kuogopa.”

“Na wewe umekubali awe mgeni kwenu?”

Nikachonga penseli nyingine. Jibu nimekuwa nikilitafuta tangu saa nane.

Ijumaa, 14 Machi

Wanataka kielelezo, yaani kitabu kidogo kilichoshonwa na mwombaji kwa mkono wake. Binti ameshona siku mbili. Nilikaa pembeni na kujizuia kusema, kazi ngumu kuliko kushona.

Kitabu kina kichwa na mguu kama mtu. Mafundi wote niliowaona huku huanza kushona kichwani wakateremka. Sisi huanza mguuni tukapanda. Si kwamba ni bora. Baba yangu, akiwa kijana, alikatwa kidole cha shahada na kisu cha karatasi, na bila kidole hicho uzi haukumtii akishuka, ila akipanda. Wanafunzi wake wakamwiga, wenye vidole kumi kamili, nao wakafundisha wengine, mpaka mji mzima ukashona kama mtu aliyepoteza kidole. Nimewaona watu wazima wakikikunja cha kwao wanaposhona, sijui kwa heshima au kwa mazoea. Binti pia hukikunja. Hakumwona baba yangu hata siku moja.

Tuna jambo jingine pia. Kitabu kilichokwisha, uzi wake hukatwa karibu na fundo. Lakini daftari ambalo bado linaandikwa halikatwi uzi. Mwisho wake huachwa urefu wa kidole, ukalazwa ndani ya uti, mgongoni mwa daftari, ili siku kurasa nyingine zikija pawe na pa kushikia. Baba alikuwa akipima kwa kile kidole asichokuwa nacho. Anaweka mkono, anakadiria, na hakosei.

Binti akaniuliza, “Hiki nikate?”

“Kata. Hicho kimekwisha.”

Kilikuwa kitabu safi. Nimekigeuzageuza nikitafuta kosa, sikuona. “Wala usiwe na wasiwasi,” nikamwambia. “Kazi yako ndiyo itakayokusemea.”

Jumatatu, 17 Machi

Ameipeleka fomu ubalozini. Nilimsindikiza mpaka ng'ambo ya barabara, nikasimama chini ya kibaraza cha duka la matairi. Miaka yote hii nimepita upande huu tu wa barabara, kama mtu aliyegombana na nyumba. Foleni ilikuwa ndefu, mvua ikageuka ikanifuata kibarazani. Binti alipotoka saa saba akanikuta nimelowa mpaka soksi.

“Babu, si ungeingia hata getini?”

“Napenda matairi,” nikasema.

Alhamisi, 20 Machi

Mafua. Mama yangu alikuwa akijisifu kwa watu kwamba mimi siumwi hata mafua. Redio anasema mama yangu hakuwahi kuniona nikichungulia geti kwenye mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Hakuna jibu. Gundi siku tatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Binti ameniuliza, huku akipaka nta kwenye uzi, “Nikipata, nikuangalizie nini kule?”

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Nilianza kuandika orodha. Karakana yetu ilikuwa na ngazi tatu, ya pili imeinama, na kila mgeni alijikwaa hapo. Baba alikataa kuitengeneza kwa sababu ilimjulisha kuwa kuna mtu. Meza ya dirishani ilikuwa na kishimo kilichochimbwa na kiwiko chake. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na alama za kisu za urefu wangu na wa mdogo wangu. Alinipita akiwa na miaka kumi na nne, akashangilia wiki nzima. Nikaichana orodha. Mtu hatumwi kuangalia ngazi.

Ukweli ni kwamba natamani aangaliwe mdogo wangu. Tuliachana ngazini hapo. Tuliandikiana miaka kumi na moja, kisha akanyamaza. Nilimwandikia barua kumi na nne baada ya hapo. Kwa miaka thelathini na mitano nimewaambia watu, “Mdogo wangu alinisahau,” kwa sauti ile ile, kama mtu anayetaja saa. Sijui hata kama yupo.

Kila mwaka kuna tetesi kwamba sheria ya kule itabadilika, kwamba wataita majina ya waliotoka, mmoja mmoja, warudi. Redio anazo tetesi hizo kwa tarehe. Mimi huwa namcheka. Lakini juu ya kabati langu kuna sanduku dogo, na kila mwaka, mvua zikiisha, mimi hulianika.

Nimemwambia binti, “Ukimkuta mdogo wangu, usimwambie wewe ni nani.” Kisha nikaongeza, “Ila mwangalie amezeekaje.”

Jumanne, 8 Aprili

Hakuna jibu. Redio anasema kimya cha ofisi kina aina tatu, na hiki si kile kizuri.

Jumanne, 15 Aprili

Jibu. Nalinakili neno kwa neno, maana ni fupi:

Ombi limesimamishwa. Kwa maelezo ya mkaguzi wa vielelezo, ushonaji wa aina hii hufundishwa katika mji husika peke yake. Mwombaji afike tarehe 22 Aprili aeleze ni nani aliyemfundisha, na kwa nini swali la kumi na nne limejibiwa lilivyojibiwa. Asipofika, ombi litafungwa na hatapokelewa tena.

Tulikaa watu watatu tukapima kila neno la fomu. Tukaficha jina, ukoo, kizazi. Kisha tukaenda kuwakabidhi kitabu kilichoshonwa kuanzia mguuni! Hakuna mwizi anayeacha viatu vyake mlangoni, isipokuwa sisi.

Binti hakulia. Alitazama viganja vyake. “Babu, si mimi. Mkono ndio uliosema.”

Redio hajasema neno tangu mchana. Imezimika.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeamua kwenda naye na kusema kweli: kwamba mimi ndiye niliyefundisha, na mimi ndiye niliyeamuru Hakuna. Labda wakipata mzee wa kumlaumu watamwacha mtoto. Sina jingine la kuwapa.

Mwanangu, mama yake binti, amekuja chumbani, akakaa kitandani, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

“Baba, wenye kadi kama yako hawaruhusiwi kuingia mle. Wakijua huku, watakunyang'anya.”

“Najua.”

“Utakaa wapi?”

“Kwako.”

“Kwangu ndiyo hapa, Baba.”

Tukacheka. Hatujacheka pamoja tangu tumzike mama yake. Kisha akalikunjua shati langu moja, akalipiga pasi upya, akalitundika msumarini kwa ajili ya Jumanne.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika nikiwa bado nimevaa shati lile.

Mlinzi wa getini alinipekua, akanikuta na leso, miwani na penseli. “Penseli ya nini?” Nikamwambia ya kuandikia. “Humu wanatumia kalamu,” akasema, akabaki nayo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu. Sikuwa nimejiandaa kwa sauti. Chumba chenyewe kilikuwa cha kawaida tu, viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni kwa nati, feni isiyozunguka, kalenda ya mwaka uliopita. Lakini mwanamke aliyekuwa akipiga deki alimwambia mtu, “Inua mguu, mwanangu,” akalivuta neno la mwisho kama mama yangu alivyokuwa akilivuta. Miaka arobaini na sita sijalisikia likivutwa hivyo na mtu asiyekuwa mkimbizi.

Binti akanishika kiwiko. “Unaumwa?”

“Feni hii,” nikasema.

Kwenye dirisha la tatu alikaa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa mnyororo. “Shikamoo, mzee.” Nikaitikia. Akamgeukia binti. “Wewe ndiye wa kitabu.”

Akakitoa kitabu chetu. Juu yake palikuwa na kipande cha karatasi ya njano kimebanwa kwa pini. “Fundi mkuu wa kule ndiye aliyekikagua. Ni mzee, walimtoa nyumbani alikostaafu kwa sababu hakuna mwingine anayeyajua madaftari yale. Vielelezo arobaini vimepita mikononi mwake bila neno. Hiki akakirudisha na haya.” Akaibandika karatasi kwenye kioo nisome.

Mkono huu naujua. Naomba kuambiwa ni nani aliyemfundisha.

Sikuhitaji saini iliyokuwa chini. Kila k ilikuwa imeinama kama mtu anayeokota kitu. Nilimchapa kwa ajili ya k hizo akiwa na miaka saba. Mdogo wangu yuko hai! Na hakushtaki mtu. Aliuliza tu, swali lake likapita kwenye mikono ya wenye mihuri, likafika kwetu limekuwa shtaka.

Nikasema niliyokuja kusema. “Binti hana kosa. Mimi ni babu yake. Nimemfundisha mimi, na Hakuna ni neno langu.” Nikataja jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa mpigo mmoja, kama tulivyofundishwa utotoni kutaja iwapo tungepotea sokoni.

Akaandika kwenye kompyuta. Vitabu vimelowa, akaeleza, lakini orodha ya majina imehifadhiwa humu. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani ikaning'inia kifuani, akatazama nyuma yake, kisha akausogeza uso karibu na kile kitundu cha kusemea.

“Mzee, mwenye jina hili alifariki.”

“Lini?”

“Imetimia miaka thelathini na mitano. Homa, ugenini. Taarifa ililetwa na mdogo wake.” Akalitaja jina la mdogo wangu. Macho yake yakashuka kwenye karatasi ya njano, penye saini, yakarudi kwangu, na hapo nikajua kwamba sasa tuko wawili tunaojua.

Homa. Nilijikuta nashukuru kwamba mdogo wangu hakunipa kifo cha kuzama majini.

Akaendelea taratibu, kama anayesoma kanuni ukutani. “Nikiandika kwamba marehemu huyu yupo hai, faili la binti litakwenda Kamati, na jibu lake la uongo litakwenda nalo. Na aliyeleta taarifa ya kifo ataitwa kueleza. Kosa hilo halizeeki, hata mkosaji akizeeka.” Akafuta miwani kwa pindo la kitenge. “Swali la kumi na nne linauliza walio hai.”

“Na marehemu akiachwa alivyo?”

“Basi binti alijibu sawasawa. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa na marehemu babu yake, jina sitauliza. Fundi mkuu atakuwa amejibiwa. Kibali kitatoka.” Akavaa miwani yake. “Lakini sheria ikibadilika, mzee, wakianza kuita majina, wataita kwa orodha hii. Jina hili halitaitwa. Marehemu harudishwi.”

Watu walikohoa nyuma yetu. Nililifikiria sanduku langu juu ya kabati, jinsi ninavyolipangusa kila mwaka kwa kitambaa chenye unyevu. Nikaifikiria ngazi ya pili. Nilitaka kusema: mimi hapa, nimesimama, naona, nasikia, napata mafua. Ni jambo dogo mtu kutaka iandikwe kwamba yupo.

“Nitakuuliza upya,” akasema, “na safari hii nitaandika. Wewe ni nani kwa binti huyu?”

Binti alikuwa akitikisa kichwa. “Babu, usi...”

“Jirani,” nikasema. “Nimemsindikiza tu. Mvua ilikuwa kubwa.”

Akaandika. Akampa binti kalamu na karatasi mpya, akamwonyesha kwa ukucha mstari wa kujaza: Aliyenifundisha. Mjukuu wangu akaandika mwanafunzi wa marehemu babu yangu huku nikiwa karibu yake kiasi cha kusikia kalamu ikikwaruza. Herufi zikaanza kuyumba.

“Nyoosha mwandiko,” nikamnong'oneza.

Akanyoosha.

“Pole kwa msiba,” mama wa dirishani akamwambia kwa sauti ya kusikika na chumba kizima. Kisha chini chini, kwangu: “Pole nawe, jirani.”

Getini mlinzi alinirudishia penseli yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Siku ya pili ya kufa kwangu. Chai ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefanya hesabu ya miaka. Mdogo wangu alitoa taarifa ya kifo changu mwaka ule ule alionyamaza. Wakati huo, kwa maneno ya Redio, aliyekuwa na ndugu nje aliitwa kila wiki kuulizwa yuko wapi, anafanya nini, anaandika nini. Mwenye ndugu aliyekufa hakuulizwa kitu. Alikuwa na mke, watoto wadogo na karakana ya baba. Akanizika ili wapate kula.

Na mimi nikamwandikia barua kumi na nne. Marehemu gani huandika barua kumi na nne? Kila moja ingeweza kumfunga. Alizipokea, au alizichoma, au alizificha ndani ya uti wa kitabu fulani ninachoweza hata kukikisia. Mimi huku nikimwita msahaulifu, mbele za watu, kwa miaka thelathini na mitano.

Binti hasemi nami sana. Jana alisema, “Umejiua kwa ajili ya kazi ya miezi tisa.”

Nikamwambia, “Nilikwisha kufa, mke wangu mdogo. Mimi nimekataa kufufuka tu.”

Hakucheka. Amenichongea penseli zote saba.

Jumatatu, 12 Mei

Kibali kimefika. Miezi tisa, ajira moja, mji mmoja, hakirefushwi. Karatasi yenyewe hafifu sana, nyuzi zake zimekwenda upande mbaya, itapasuka kwenye mkunjo kabla ya Agosti. Nimeibandikia kitambaa chembamba nyuma. Mwanangu aliisoma mara tatu, akaenda jikoni, akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu.

Jumapili, 25 Mei

Ameondoka. Stendi tulisimama kama jamaa wengine, mama yake na Redio wakimkumbatia, mimi nikarudi nyuma hatua mbili. Sijui kwa nini. Nadhani mazoea ya kifo huja upesi. Akaniona. Alipanda ngazi ya basi, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti stendi nzima isikie:

“Kwaheri, jirani! Unifungie mlango vizuri!”

Redio ameniuliza kama ana kichaa. Nimemwambia ni kurithi.

Ijumaa, 30 Mei

Manyunyu. Nimeshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Sikulianika. Nimeweka humo vipande vya karatasi, lilikuwa zuri kwa hilo tangu zamani.

Jumamosi, 14 Juni

Barua. Ameiandika kwa karatasi, si kwa simu, maana ananijua. Bahasha ina jina la mama yake, na mwanangu amenisomea kwa sauti.

Mama, nimefika salama. Msomee jirani yetu mzee sehemu hii, maana anapenda mambo ya vitabu. Karakana ina ngazi tatu. Nilijikwaa ya pili. Sauti ndani ikasema, “Karibu.” Fundi mkuu hakunisalimu kwanza, alinitazama mikono. Amezeeka vizuri, mwambie jirani: mgongo umenyooka, macho yanatumia miwani mbili kwa zamu. Aliniuliza, “Marehemu babu yako alifariki kwa nini?” Nikasema, “Walisema homa, mzee.” Basi Mama, akacheka mpaka akashika meza. “Homa! Yule alikuwa haumwi hata mafua.” Kisha akaenda dirishani akakaa huko, ameweka kiwiko mezani, na sisi wote tukafanya kazi kimya mpaka saa ya kutoka.

Siku ya pili alinikabidhi daftari. Ni la vifo, mwaka ule. Maji yameliachanisha lote. Ukurasa wa mia na nne, wenye ile homa, umetoka peke yake, mzima, wino hata haujapauka. Alinisimamia nyuma akasema: “Kurasa nyingi zimepotea kwenye maji. Hakuna atakayehesabu mmoja. Lakini huu si wangu peke yangu kuamua. Huko kwenu mna mtu mnayeweza kumwuliza?” Nikamwambia tuna jirani. Akasema, “Muulize. Nitasubiri. Kusubiri nimezoea.”

Mwanangu akaikunja barua. Nje hapakuwa na mvua. Ilikuwa siku ya nne ya jua, na ndoo ilikuwa tupu.

Ningeweza kusema autupe ukurasa ule. Lakini orodha ipo kwenye kompyuta, na daftari lenye pengo huleta watu wa kuuliza pengo ni la nini. Tena ni kazi ya mdogo wangu. Alinizika mara moja kwa mkono wake. Sitaki alazimike kuapa kwamba hakunizika. Na jambo la mwisho ni la kifundi tu. Sikumfundisha mtoto yule kuacha ukurasa nje.

Nimechukua moja ya penseli zangu saba, nikamwandikia hivi:

Kwa binti wa jirani. Barua yako imesomwa. Mwambie fundi mkuu kwamba huku kwetu mvua zilikuwa kubwa, na mwezi wa tatu jirani yenu alishikwa na mafua, ya kwanza maishani mwake, akapona. Kuhusu ule ukurasa wa mia na nne: urudishwe mahali pake. Uushone wewe, yeye akushikie karatasi, kuanzia mguuni. Mkifika kichwani, uzi usikatwe. Uachwe urefu wa kidole.